Kaniuliza kama Kiswahili kinaandikwa, nikakosa la kumjibu

BintiPangani

Habari zenu ndugu zangu. Niko Ujerumani mwaka wa pili sasa, nasomea uuguzi na kazi nafanya kwenye nyumba ya kulelea wazee. Juzi nimemaliza shifti ya asubuhi, nimekaa chumba cha mapumziko nasoma Peponi, ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, nilikuja nayo toka Dar. Akaja mwenzangu wa kazini, mama mtu mzima, mtu mwema kabisa, ndo aliyenielekeza mpaka basi za kupanda nilipofika. Akakiangalia kitabu akauliza hii lugha gani, nikamwambia Kiswahili, akashangaa kweli kweli, akasema kumbe kinaandikwa? mi nilidhani ni lugha ya kuongea tu. Afu akaongeza, na huko kwenu watu wanasoma vitabu?

Jamani kitu kilinikaba hapa kooni. Nikacheka kile kicheko cha kuua mazungumzo nikainuka kwenda kuosha kikombe, na tangu siku hiyo roho inaniuma. Ningemjibu kwa hasira ningeonekana mkali bure, na nilivyonyamaza naona kama nimekubali. Nakumbuka niliwahi kuona klipu ya Chimamanda Adichie, yule mwandishi wa Nigeria, anaulizwa kitu kama hiki Ufaransa na akajibu bila hata kupandisha sauti. Wale wanawezaje? Nyie mlioko nje mnajibuje? Naomba majibu ya kweli, sio matusi, huyu mama sitaki atukanwe.

Mkata_Kiu

Pole sana dada. Hiyo klipu naijua, ni Paris Januari 2018. Mwandishi wa habari alimuuliza kwanza kama vitabu vyake vinasomwa Nigeria, akajibiwa ndiyo, afu akaja na swali lenyewe, Nigeria kuna maduka ya vitabu? Chimamanda akamwambia kwa upole kabisa kwamba kuuliza swali hilo kunawaaibisha Wafaransa, tena mwaka 2018, na vitabu vyake vinasomwa na kufundishwa shuleni Nigeria na nchi nyingine za Afrika. Ukumbi ukapiga makofi.

Watu wengi wanaishia hapo kwenye makofi ila mimi iliyonigusa ni ile aliyoandika baadaye. Yule mwandishi wa habari alijitetea kwamba Wafaransa wanasikia Boko Haram tu kila siku, akataka kumpa nafasi aeleze mengine. Chimamanda hakumponda, alisema alikuwa mtu makini na aliyejiandaa, na kwamba yeye hategemei Mfaransa ajue kila kitu cha Nigeria maana na yeye hajui kila kitu cha Ufaransa. Tatizo akasema ni pale mtu anapoiona Afrika ni kitu cha ajabu kiasi kwamba hata kukisia hawezi. Sasa pima mwenyewe, nchi yenye vyuo vikuu, nchi ambayo soko la Onitsha lilikuwa linauza vijitabu vya hadithi na mapenzi toka miaka ya 1940 vinachapwa hapo hapo mjini, unahitaji kwenda shule gani ili ukisie kwamba kuna duka la vitabu? Mimi sijui mtaa wowote wa Warsaw lakini siwezi kumuuliza Mpolandi kama kwao kuna viatu.

Kwa hiyo dada huyo mama hajui, sawa, kutokujua sio kosa. Ila alichokosea ni kuanza na "hakuna". Hicho ndo cha kumwambia, na kinasemeka kwa sauti ya kawaida tu.

mamaZuhura

Mi nitatofautiana kidogo na kaka hapo juu. Niko Marekani mwaka wa 19, nimeulizwa kama kwetu tunalala ndani, nimeulizwa Kiingereza nimejifunza kwenye ndege, na kila mara natakiwa nitabasamu nielezee. Inachosha. Mtu akifanya kazi masaa kumi hana deni la kumfundisha jiografia mtu mwenye simu ya intaneti mkononi. Mdogo wangu wewe kuondoka ukaoshe kikombe sio kushindwa, usijitese.

Na nikupe mfano wa mkubwa zaidi ya Chimamanda. Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria pia, mwaka 1974 alikuwa anafundisha chuo kikuu cha Massachusetts pale Amherst. Siku moja anatembea kuelekea maegesho ya magari akakutana na mzee mmoja wakawa wanaongea, mzee akamuuliza anafundisha nini, akasema fasihi ya Kiafrika. Yule mzee akashangaa, akasema hakuwahi kufikiria Afrika ina vitu kama hivyo. Unajua Achebe alifanya nini? Aliongeza mwendo! Hakubishana hata neno. Tena wiki chache baadaye akapokea barua za wanafunzi wa sekondari toka Yonkers, New York, waliosoma riwaya yake Things Fall Apart, mmoja wao anafurahi eti amejua mila na imani za kishirikina za kabila la Afrika, na Achebe akajiuliza huyu mtoto haoni kwamba na kwao Yonkers kuna mila za ajabu zimejaa.

Februari 1975 sasa ndo akasimama mbele ya watu akatoa mhadhara, akaanza na hiyo hiyo habari ya mzee wa kwenye maegesho, kisha akageukia Heart of Darkness, riwaya ya Joseph Conrad kuhusu safari ya Mzungu ndani ya Afrika, akaonyesha mstari kwa mstari jinsi Ulaya ilivyoifanya Afrika kuwa kioo cha kujiangalia yenyewe isijione mbaya. Ule mhadhara mpaka leo unasomwa vyuoni. Kwa hiyo jibu lake lilichelewa miezi na halikumfuata yule mzee peke yake. Utulivu unaouona kwa hawa watu mara nyingi ni hasira iliyopewa muda. Na wewe jipe.

KijanaWaIramba

Wote mmeongea vizuri, naongeza Sembène Ousmane wa Senegal, mtu wa Casamance, alikuwa kuli bandarini Marseille kabla hajaandika riwaya. Baadaye akaingia kwenye filamu kwa sababu watu wake wengi walikuwa hawasomi Kifaransa, na mwaka 1968 akatoa Mandabi kwa Kiwolofu. Sasa kuna filamu ya Férid Boughedir ya mwaka 1983 kuhusu sinema ya Afrika, humo Sembène anaulizwa kama filamu zake zinaeleweka Ulaya. Akasema tuelewane, Ulaya sio kitovu changu, Ulaya iko pembezoni, wamekaa hapa miaka 100 je walijifunza lugha yangu? mimi ya kwao naongea. Afu akamalizia, kwa nini niwe alizeti nigeukie jua, mimi mwenyewe ndo jua.

Sisi Singida alizeti ndo maisha yetu kwa hiyo ile kauli haikunitoka. Nilichojifunza shambani kwa baba ni kwamba alizeti changa ndo inageuka na jua kutwa nzima, asubuhi huku jioni kule. Ikishakomaa shingo inakaza, inatazama mashariki basi, jua liende linakokwenda. Mimi nikiulizwa maswali hayo nakumbuka shamba la baba, najiuliza hapa bado nageukageuka au nimeshakomaa. Huyo mama hapo kazini asikufanye ugeuke kuangalia Kiswahili kwa macho yake. Kama amekuuliza kwa kutaka kujua mwambie, kama hujisikii acha, Kiswahili hakipungui.

MwalimuMstaafu

Binti yangu, swali ulilopewa lina jibu na jibu liko huko huko uliko. Utendi wa Tambuka, shairi refu la Kiswahili la Bwana Mwengo wa kisiwa cha Pate, una nakala ya mkono inayotajwa kuwa ya mwaka 1728, kwa herufi za Kiarabu, na nakala hiyo ipo Hamburg. Hamburg ya Ujerumani. Wajerumani wenyewe walianza kufundisha Kiswahili Berlin mwaka 1887 ili wapate watu wa kuja kututawala, na mwaka 1904 kule Tanga kukawa na gazeti la Kiongozi la Kiswahili chini ya serikali yao. Na hicho kitabu ulichokuwa umeshika mkononi kinaishia na askari wa Wajerumani wanapita kuchukua vijana. Kwa hiyo hapo chumba cha mapumziko mlikuwa mnaongea habari zenu nyote wawili, sio zako peke yako. Mueleze hivyo, pole pole, kama jirani.

Nina neno moja kwetu sisi pia. Gurnah alipopata Nobel ya fasihi 2021 nilikuwa shuleni na walimu wenzangu wakawa wanaulizana huyu ni nani, na ni mtu wa Unguja! Hiyo Peponi imetoka 2022, miaka 28 baada ya kitabu chenyewe. Na nimewasikia watu wazima hapa hapa nchini wakimuuliza Mhadzabe maswali mabaya kuliko hayo. Chimamanda naye aliwahi kukiri hadharani kwamba mtoto wa kazi wa kwao, Fide, alimjua kwa umaskini tu mpaka siku alipoenda kijijini kwao akaona kikapu kizuri alichosuka kaka yake Fide. Nadhani mtu aliyeyaona hayo moyoni mwake ndiye anayeweza kumjibu mwenzake bila kutetemeka.

BintiPangani

Asanteni nyote, mama Zuhura umenitua mzigo, sikujua kama Achebe naye aliondoka. Kijana wa Iramba nimeituma hiyo ya alizeti kwa mdogo wangu yuko Pangani.

Leo nimemwambia. Tulikuwa tunakunja mashuka, nikamwambia lile swali lako la siku ile liliniuma, na sababu ni hii, ukaanza na hakuna. Akanyamaza. Nikamwambia habari ya Hamburg na mwaka 1728. Akaacha shuka akauliza Hamburg wapi, nikasema nimeambiwa ipo huko. Akasema mimi nimezaliwa Hamburg. Afu mzee mmoja akapiga kengele akaenda, hatujaongea tena.

Mwalimu shikamoo, huo utendi naupata wapi kwa herufi hizi za kawaida? Nimemsimulia kitu ambacho mwenyewe sijakisoma na akirudi kuniuliza kinasema nini nataka niwe nimekisoma.