Kocha wa kikapu John Thompson wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, mliomfuatilia mnamkumbuka kwa lipi hasa?

Dogo_wa_Upanga
Wakuu habari za jioni. Tangu Dikembe Mutombo, yule nyota wa kikapu wa Kongo, atutoke Septemba 2024 nimekuwa napitia mahojiano yake ya zamani, na akigusia tu maisha yake ya chuo lazima amtaje kocha wake John Thompson, anamwongelea kama mzazi wake kabisa. Nikaenda kumsoma huyo kocha nikakuta naye alishafariki, tarehe 30 Agosti 2020, akiwa na miaka 78. Karibu kila pahala wanaandika kitu kilekile, kocha wa kwanza mweusi kubeba ubingwa wa daraja la kwanza wa NCAA, yaani shirikisho la michezo ya vyuo Marekani, 1984. Sawa hilo ni kubwa, ila kafundisha pale Georgetown miaka 27 na ubingwa ni huo mmoja, wakati kocha John Wooden wa UCLA ana 10. Sasa mbona wachezaji wake wanamlilia hivi? Mlioanza kufuatilia kikapu kabla yetu naomba mnieleweshe.

Senta_Mstaafu
Dogo umeuliza swali la maana. Mimi nikisikia Thompson naliona lile taulo jeupe alilozoea kuweka begani halafu naiona fainali ya 1982 pale New Orleans. North Carolina wanaongoza 63-62, Jordan akiwa dogo wa mwaka wa kwanza ndo ametoka kufunga, sekunde zinakatika, Fred Brown wa Georgetown ana mpira mkononi anatafuta mtu wa kumpa, akampasia James Worthy akidhani ni mwenzake kumbe ni mpinzani. Mechi imeishia hapo, nchi nzima inaangalia. Thompson akamvuta yule kijana akamkumbatia palepale uwanjani, jitu la mita mbili na ushee, dogo kamezwa kifuani. Miaka miwili baadaye kule Seattle wanawapiga Houston ya Olajuwon 84-75, Brown bado yupo kikosini, mwaka wake wa mwisho, akakumbatiwa tena. Picha zote mbili zipo, zitafute uziangalie.

Halafu hilo la mweusi wa kwanza mwenyewe hakulipenda. Aliwajibu waandishi waziwazi kwamba kabla yake walikuwepo weusi kibao wenye uwezo ila walinyimwa nafasi, hakutaka sifa inayofanya wale waonekane walishindwa.

MamaRibaundi
Naongezea kaka Senta. Mimi niko Maryland na nilimfahamu zaidi kupitia redio, maana baada ya kuacha ukocha 1999 alikuwa na kipindi chake cha michezo hapa Washington, ana sauti nzito, anaongea taratibu na haogopi mtu. Watu wa mji huu wakimkumbuka hawaanzi na ubingwa. Mwishoni mwa miaka ya 80 cocaine imeuvuruga mji, na bosi wa biashara ile Rayful Edmond akawa anaonekana na wachezaji wa Georgetown, akiwemo Alonzo Mourning. Thompson akatuma ujumbe Edmond aje ofisini, na kweli akaja, akamwambia uso kwa uso awaache vijana wake. Jamani mtu ambaye mji mzima unamwogopa! Na Mourning baadaye mmeona alivyokuwa nyota wa NBA.

Humo ofisini alikuwa na mpira umewekwa hauna upepo. Kila kijana akiingia anauona, ujumbe wake ni kwamba siku upepo ukiisha utabaki na nini. Na hakuishia kwenye mpira, tangu aanze kazi 1972 alimleta mwalimu Mary Fenlon, aliyewahi kuwa mtawa, kazi yake kufuatilia masomo ya wachezaji, na mama huyo anakaa benchi siku ya mechi kama makocha wengine. Waliomaliza naye miaka yote minne, asilimia 97 walipata digrii. Baba yake Thompson hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo mimi nikiiona hiyo 97 naelewa ilikotoka.

MwanaKivu
Sisi Wakongo tunamdai shukrani huyu mzee. Mutombo alitoka Kinshasa 1987 kwa udhamini wa serikali ya Marekani, nia yake asome udaktari, Kiingereza hana, na mwaka wa kwanza hakuichezea timu ya chuo. Ni Thompson aliyemvuta kwenye kikapu, lakini shule hakumwachisha, kijana akamaliza 1991 na digrii ya isimu na diplomasia ndipo akaenda ligi ya kulipwa ya NBA, timu ya Denver. Udaktari hakuupata ila hospitali Kinshasa aliijenga, ina jina la mama yake.

Pointi_Gadi
Wakuu tuseme yote basi. Alikuwa mkali kupita kiasi, mazoezi milango imefungwa, waandishi hawasogei kwa wachezaji. Ile 1982 timu yake ililala Biloxi, jimbo lingine kabisa, wakati fainali iko New Orleans. Na Olimpiki ya Seoul 1988 alipewa timu ya taifa ya Marekani akarudi na shaba.

Senta_Mstaafu
Seoul nakubali, Wasovieti waliwapiga Marekani nusu fainali na iliuma. Ila kuhusu kufunga milango angalia Patrick Ewing, senta wake wa Georgetown, alifanyiwa nini. Viwanja vya ugenini walikuwa wanamrushia maganda ya ndizi, wanainua mabango kwamba hajui kusoma, siku moja Thompson akaitoa timu uwanjani mpaka bango liondolewe. Ukiwa na vijana wa miaka 19 kwenye mazingira hayo utawaachia milango wazi?

Halafu Januari 1989 NCAA walipitisha sheria ya kuwanyima udhamini vijana wasiofikisha alama, na wengi wangekuwa weusi wa familia maskini. Mechi na Boston College inataka kuanza, Thompson akamkabidhi taulo msaidizi wake akatoka nje, uwanja mzima umesimama unampigia makofi. Hakurudi benchi mpaka NCAA walipokubali kuliangalia upya.

Dogo_wa_Upanga
Asanteni sana wakuu, hii ya Fred Brown nimeitafuta nimeiona. Na Allen Iverson je? Maana yeye hakukaa chuoni miaka yote minne.

MamaRibaundi
Iverson alikaa miwili tu, akawa mchezaji wa kwanza wa Thompson kwenda NBA kabla ya kumaliza chuo. Alikuwa ametoka jela, vyuo vimemkimbia, mama yake ndiye aliyemfuata Thompson kumwomba amchukue mwanawe. 2016 anaingizwa kwenye ukumbi wa magwiji Iverson alimshukuru kwa kumwokoa maisha. Itafute hiyo hotuba mdogo wangu, machozi yanamtoka, na Thompson mwenyewe alikuwa bado hai.