Kibanda cha jasho huko Ngong: nikague nini kabla ya kuingia?

Kerubo_Rongai
Hamjambo humu. Nimealikwa kwenye utakaso wa kibanda cha jasho, yaani kukaa ndani ya kibanda kilichofungwa chenye mvuke wa mawe ya moto, ule wa Walakota, wenyeji asilia wa Marekani, Jumamosi ijayo Ngong. Wanasema ni raundi nne, tusile wala kunywa chochote tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, na ada ni shilingi 8,500. Natumia dawa za presha. Nivae nini, na nikifika nitazame nini?

FitoNaMawe
Tazama kibanda kwanza. Cha kawaida ni fito 12 hadi 16 zilizochimbiwa kwa duara, zikapindwa na kufungwa juu, kimo hakifiki kifuani. Katikati kuna shimo la mawe. Watu kumi hivi wanatosha. Mkiwa thelathini mmepangwa safu mbili, wa nyuma akizidiwa hana njia ya kufika mlangoni bila kupita juu ya wenzake na karibu na mawe ya moto.

Kifuniko kiwe mablanketi, juu yake turubai la kitambaa. Nailoni ikibana hadi chini, hewa haipiti kabisa. Uliza pia kama blanketi la upande wa nyuma linaweza kuinuliwa kutoka nje.

Mawe ndiyo watu wa hapa hukosea. Yawe ya volkano, meusi, mazito, yasiyo na ufa, kama papai kwa ukubwa. Ya mtoni yamenyonya maji, na maji hayo yakigeuka mvuke ndani ya jiwe, jiwe linapasuka na vipande vinaruka. Ya kujengea kutoka Ndarugo nayo hunyonya maji, yaacheni kwenye ukuta. Kuni ziwe za muwati au mkaratusi uliokauka. Wakichoma vipande vya nguzo zilizotiwa dawa, ondoka, dawa hiyo mara nyingi ina aseniki. Mtunza moto afagie kila jiwe kwa tawi kabla halijaingia, maana makaa ndani ya kibanda kilichofungwa hutoa sumu isiyo na harufu.

Muuguzi_wa_Zamu
Dada Kerubo, hapo kwenye presha nisikilize. Jasho hupoza mwili linapokauka. Ndani ya mvuke halikauki, kwa hiyo unatiririka tu huku joto la mwili likipanda. Dawa za kukojoza zinakupunguzia maji, na zile za jamii ya atenolol zinauzuia moyo kuongeza kasi. Usiache dawa ili uingie; muulize daktari wako, na akikataa umekatazwa. Mjamzito, mwenye kifafa au ugonjwa wa moyo asiingie.

Kufunga kunywa ndiko kunakonitisha zaidi. Sedona, Arizona, Oktoba 2009, mhamasishaji mmoja, James Arthur Ray, aliwaingiza watu zaidi ya 50 katika kibanda kimoja, wengi wakiwa wametoka kufunga nyikani. Watatu walifariki, na mwaka 2011 mahakama ikamtia hatiani. Kunywa maji vizuri tangu siku iliyotangulia, kula chakula chepesi chenye chumvi saa chache kabla, na pombe usiguse.

Mtu akianza kuongea ovyo, kuyumba au kutapika, atolewe papo hapo hata kama bado anatoka jasho. Mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, wekeni vitambaa vya maji baridi shingoni, kwapani na kwenye kinena. Aliyechanganyikiwa msimnyweshe. Gari liwe tayari limeelekea geti. Foleni ya Ngong Road jioni mnaijua.

Leleshwa
Utaratibu: unaingia kwa magoti ukisema *Mitakuye Oyasin*, yaani sisi sote ni jamaa, kisha unazunguka kwa mwelekeo wa saa hadi mahali pako. Mawe yanaingizwa, mlango unafungwa, maji yanamwagwa, nyimbo na sala zinafuata. Mlango hufunguliwa kila raundi inapoisha. Kaa chini, uso karibu na udongo, joto liko juu. Vaa pamba tupu: fulana na leso ndefu. Pete, hereni na lenzi za macho vibaki nje. Ukiwa mwezini sema mapema, desturi yao hutenga jambo hilo.

Kuhusu ada, kwao unamletea kiongozi tumbaku, na chakula cha kula pamoja baadaye. Mwaka 1993 Walakota walitoa tamko kali dhidi ya wanaouza sherehe zao. Kuchangia kuni ni sawa, ila 8,500 kwa kichwa ni kuni za mwaka. Muulize anayemwaga maji alifundishwa na nani, na nani alimruhusu. Wakifukiza leleshwa, kichaka chetu chenye harufu, badala ya seji, majani wanayofukiza wao, hilo halina neno.

Kerubo_Rongai
Asanteni sana. Nimewapigia. Wanasema tumbaku si lazima, ila ukishaingia hutoki hadi raundi ya nne iishe, la sivyo unavunja nguvu ya wenzako.

Muuguzi_wa_Zamu
Basi usiende. Hata nyungu ya nyumbani ukizidiwa unafunua shuka.

Leleshwa
Naunga mkono. Anayejua kazi hukwambia kabla hujaingia useme nini ili mlango ufunguliwe, na mtunza moto haondoki pale nje.