Wauza "miguu ya kuzuia mtetemo", andikeni uzito unaobebwa au mfute tangazo

Wakuu, hii biashara ya miguu na majukwaa ya kuwekea spika, amplifaya na mashine za santuri imekuwa utapeli wa mchana kweupe. Tangazo lina picha ya kidude kinachong'aa kama rimu mpya, maneno "besi inakaza, sauti inafunguka", halafu bei. Mguu mmoja unabeba kilo ngapi? Kimya. Ukiuliza kwenye maoni, unaambiwa "inafaa kifaa chochote".

Hakuna mguu unaofaa kifaa chochote! Mguu laini, uwe wa raba, wa jeli au wa springi, unafanya kazi pale tu unapominyika. Mashine ya santuri ya kilo 8 kwenye miguu minne ni kilo 2 kila mguu. Ukipewa miguu iliyotengenezwa kwa kilo 5 hadi 10 kila mmoja, haiminyiki vya kutosha. Umeweka mawe manne ya rangi nzuri. Ukipewa ya kilo 1, inalala chali, na springi iliyogusana pingili haizuii kitu.

Hesabu yenyewe haihitaji digrii. Pima kwa rula mguu umeshuka sentimita ngapi baada ya kubeba mzigo. Chukua 5, gawanya kwa kipeuo cha pili cha namba hiyo. Jibu ni Hz (mitetemo kwa sekunde) ambazo mguu wenyewe unapenda kuchezea. Kuzuia kunaanzia mara 1.4 ya hapo kwenda juu. Chini ya hapo mtetemo unapita wote, na karibu na namba yenyewe unakuzwa. Sasa raba iliyoshuka milimita 1 inakupa kama 16 Hz, yaani inaanza kusaidia kwenye 22 Hz. Mkono wa santuri pamoja na sindano yake hutetemeka wenyewe kati ya 8 na 12 Hz, ndipo wufa (spika kubwa za besi) zinapoonekana zikipumua nje ndani bila sauti yoyote. Hiyo raba hapo haikusaidii, inachochea. (Na raba ni ngumu zaidi ikitikiswa kuliko ikikandamizwa polepole, kwa hiyo hali halisi ni mbaya kuliko hesabu.) Springi iliyoshuka sentimita 1.5 inakupa 4 Hz, na mtetemo wa 10 Hz unabaki kama moja ya tano. Hicho ndicho kitu cha kuuza.

Halafu miiba ya chuma ya kuweka chini ya spika. Eti "mtetemo unashuka sakafuni haurudi". Chuma ni chuma, kinachoshuka kinapanda pia. Kazi ya mwiba ni kutoboa zulia ili spika isimame imara bila kuyumba, basi. Nyumba zetu nyingi ni zege na vigae. Hapo mwiba unachora kigae na spika inateleza. Mnatuuzia tena visahani vya kuweka chini ya mwiba, kwa bei nyingine!

Anayetaka jukwaa la maana aende kwa mafundi wa kaunta za jikoni aombe kipande cha granaiti kilichobaki. Sentimita 50 kwa 40, unene 3, ni kama kilo 16. Granaiti peke yake inalia ukiigonga, kwa hiyo gundisha plaiwudi chini yake. Pamoja na mashine ya kilo 8 umefika kama kilo 25, sasa tafuta springi nne za kilo 6 hivi kila moja. Upande wenye mota ni mzito, hivyo sogeza springi zielekee huko mpaka pimamaji ikae katikati. Usisawazishe kwa kukunja karatasi. Jukwaa lisiguse ukuta, na nyaya ziwe zimelegea, maana waya mnene uliokazwa unarudisha mtetemo wote uliolipia kuuzuia. Kama sakafu ni ya mbao na inadunda ukitembea, achana na springi, funga rafu kwenye ukuta wa tofali.

Kupima: zima mota, shusha sindano kwenye santuri iliyosimama, ongeza sauti polepole mpaka kiwango chako cha kawaida, gonga rafu kwa kifundo cha kidole. Ukisikia "dum" kwenye spika, kazi bado. Ikianza kuvuma, shusha sauti haraka kabla hujaua wufa. Na kama spika ziko kabati moja na santuri, ziondoe kwanza kabla hujanunua chochote.

Amplifaya ya transista na visanduku vya kucheza muziki wa intaneti, msiguse mfuko. Ya valvu (zile taa za kioo) sawa, gonga valvu kwa penseli. Ikilia kwenye spika, ina haja ya mguu laini.

Wauzaji mliomo humu, nasubiri namba mbili tu: kilo za chini na kilo za juu kwa kila mguu. Picha tumeshaziona.