Mwanangu haendi chooni usiku, nami bado namwogopa yule mtu wa TV ya Dandora

MamaTatu

Hamjambo wapendwa. Naomba ushauri. Mkitaka kucheka chekeni, mradi mkimaliza mnisaidie.

Kitinda mimba wangu ana miaka sita. Mwezi uliopita tulikuwa kwa shemeji yangu Kasarani, watoto wakapewa simu ili wakubwa waongee kwa amani. Binamu yake akamwonyesha lile lidoli la manyoya ya buluu lenye meno mengi, nadhani wenye watoto mnalijua. Tangu siku hiyo choo chetu, ambacho kiko hatua nne kutoka kitandani kwake, kimekuwa mbali kama Garissa. Lazima mtu asimame mlangoni, taa iwake, na niwe naongea. Nikinyamaza kidogo anaita, "Mama, uko?" Stima ikipotea ndio usiseme. Amekojoa kitandani mara tatu, na alikuwa ameacha kabisa.

Baba yake anasema nimwache, ni mwanamume, atazoea. Mama mkwe ametuma mafuta ya upako. Nimempaka, sikatai, ila sasa nina mtoto mwenye hofu na anayeteleza.

Shida ni kwamba siwezi kumwambia aache ujinga. Mwaka 1988 nilikuwa na miaka sita kama yeye, tukiishi Dandora, ploti ya vyumba vinane na choo kimoja kule uani karibu na bomba. Mwenye ploti alikuwa na TV na deki ya vidio. Kijana wake aliendesha gari la wazungu fulani, na Jumamosi akija na kanda, watoto wote wa ploti tunaketi sakafuni, viatu mlangoni.

Siku moja akaweka hii. Usiku, mvua inanyesha, mwanamume anabadilisha tairi la gari peke yake. Spana inateleza, anaumia, anakasirika. Halafu macho. Yanamgeuka yanakuwa meupe, shati linapasuka mgongoni, na anayeinuka pale si yeye tena, ni jitu la kijivu lenye nywele za mtu aliyetoka kuamka. Wengine walipiga kelele. Mimi sauti ilikataa kutoka.

Sasa mtashangaa: jitu halikuniogopesha kama ule mwisho. Kunapigwa kinanda cha huzuni, na yule mtu, akiwa amerudi kuwa mtu wa kawaida, anatembea kando ya barabara na begi. Haisemwi anaenda wapi. Mimi nilijua. Alikuwa anakuja Dandora.

Choo cha uani kilinishinda mwaka mzima. Nilichapwa kwa ajili ya magodoro hadi kakangu akanihurumia, akawa ananisindikiza na kupiga mluzi nje nijue yuko. Kumbe "Mama, uko?" nimeirithisha. Hadi leo nikiona mtu na tairi usiku pale Outering nafunga dirisha la matatu. (Sawa, hiyo ni akili tu, lakini mnanielewa.)

Maswali yangu: kuna anayekijua kipindi hicho? Mama anasema nilikiota. Na je, nikikipata nimwonyeshe mtoto tucheke naye, au nitamharibu zaidi?

Konda_58

Pole mama. Kwetu aliyetutesa ni Undertaker wa mieleka. Yule mtu wa koti refu jeusi, na msaidizi wake aliyepakwa poda kama maiti, ameshika chungu. Kengele ikilia mara moja tu, mdogo wangu ameshaingia chini ya meza. Na baba alikuwa anatuambia mieleka ni mchezo wa kweli kabisa! Sijawahi kumsamehe.

Kipindi chako sikijui. Nangoja majibu.

Fundi_Luthuli

Dada MamaTatu, hukuota. Mwambie mama yako hivyo, kwa heshima.

Hicho ni The Incredible Hulk, kipindi cha Marekani, kilianza mwaka 1977 kama filamu mbili za TV, kikaendelea hadi 1982. Lile tairi kwenye mvua lilirudi kila wiki mwanzoni mwa kipindi, ndiyo maana limekuganda. Mwigizaji aliyekuwa mtu wa kawaida ni Bill Bixby. Jitu ni mtu mwingine, Lou Ferrigno, mjenga misuli ambaye tangu utotoni hasikii vizuri. Hakuna aliyegeuka chochote. Mmoja alitoka, mwingine akaingia.

Na kuna jambo naona hulijui. Jitu si la kijivu. Ni la KIJANI. Kijani kama sukuma wiki. TV ya mwenye ploti ndiyo iliyokuwa nyeusi na nyeupe.

MamaTatu

Nimesimama katikati ya jikoni. Kijani?

Fundi_Luthuli

Kijani, dada. Nimefungua TV za aina hiyo maisha yangu yote. Zile Great Wall za inchi 14 zilikuja dukani kwangu hadi mende walikuwa wa kijivu.

Mzee_wa_Jeri

Mimi niwaambie kitu kisicho na jitu lolote. Enzi za stesheni moja, kabla KTN haijaanza mwaka 1990, usiku vipindi vikiisha unapigwa wimbo wa taifa, bendera inapepea, halafu pap! Chenga. Ule mvumo wa chenga katika nyumba yenye giza, wakubwa wamelala kwenye viti, wewe ndiye uliye karibu na TV na ndiye utakayetumwa kuizima. Ukiizima, kile kidoa cheupe kinabaki katikati ya kioo kama jicho, kinapungua polepole. Nilikuwa nakimbia kabla hakijaisha. Nina miaka 56 na sijawahi kukiona kikiisha.

BabaKali

Nyinyi mnawalea watoto kama mayai. Sisi tulitazama kila kitu, tukachapwa, tukaenda choo cha nje, na tuko hapa. Mtoto wa Nairobi aogope bodaboda, si doli. Zima taa, funga mlango, siku tatu amepona. Baba yake yuko sawa.

Konda_58

BabaKali, nimeona jibu lako kwenye uzi wa paka mweusi. Usituzoee.

MwalimuNasari

Nafundisha watoto wa umri huo, na haya mambo hutufikia darasani kila Jumatatu.

BabaKali, kuwa hapa si kusema kwamba yalipita. Kuna mtafiti wa Marekani, Joanne Cantor, aliyechunguza hofu za watoto na TV kwa miaka mingi. Mwaka 1999 yeye na mwenzake, Kristen Harrison, walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi 153 wa chuo kikuu. Tisa kati ya kila kumi walikumbuka kitu walichotazama utotoni kikawatia hofu, na karibu robo walisema bado hakijawatoka. Hao ni watu wazima, si mayai.

MamaTatu, utacheka: huyo Cantor na wenzake walimtumia Hulk wako kabisa. Waliona kwamba watoto wadogo wa chekechea huogopa zaidi pale mtu anapogeuka, kwa sababu kwao sura ndiyo mtu. Ukibadilika sura, umekuwa mwingine kweli. Watoto wakubwa kidogo huogopa mapema, kabla hajageuka, wakimwonea huruma mwenyewe kwa yatakayomkuta. Kwa hiyo wewe uliyeogopa yule mtu na begi lake pale mwisho, sijui nikuweke darasa gani.

Kwa mtoto wako. Chini ya miaka saba hivi, maneno "si kweli" hayafanyi kazi sana, hasa usiku. Ataitikia "ndiyo mama" huku miguu ikitetemeka. Kinachosaidia ni mwili: lala naye kidogo, mpe maziwa ya moto, blanketi analolipenda, taa ndogo. Usimchape wala usimcheke kwa ajili ya kitanda. Wala usimlazimishe kukaa gizani ili akomae.

Mchana ndio wakati wa kumfundisha, na kwa mikono. Fred Rogers, yule mzee wa kipindi cha watoto cha Marekani, aliwahi kwenda mahali Hulk ilipokuwa ikirekodiwa akawaonyesha watoto jinsi Ferrigno anavyopakwa rangi na kuvishwa nywele. Kitafute, kipo mtandaoni. Anza na hicho KABLA ya kipindi chenyewe. Halafu nunua rangi za uso, akupake yeye. Mtoto akishakugeuza jini kwa mkono wake, anajua jini linatengenezwa wapi.

Lile doli, mwambie alichore. Likishatoka kwenye karatasi mnaweza kulipa jina la kijinga. Darasani kwangu kuna moja linaitwa Mutura, kama ile soseji ya mtaani.

BintiMajengo

Mwalimu amesema vizuri. Naongezea tu kwamba dua usiziache, za dini yako zozote. Sisi Majengo nyanya alikuwa anatusomea Ayatul Kursiyu, anatupulizia, basi unalala. Si kwa kukutisha, ni ile sauti na ule mkono kichwani. Lakini mwambie mama mkwe mafuta yawe kidogo, shuka hazihitaji upako.

Na nyanya huyohuyo alitusimulia mazimwi yenye macho kisogoni, na hatukuogopa kama TV. Tulikuwa tumemlalia mapajani. Zimwi likikaribia sana unambana kidogo, naye analipunguza. TV haikuulizi kama umeogopa.

Kijana_wa_Thriller

Mimi nilikuwa naogopa Thriller ya Michael Jackson, zile dakika 14 zote, hasa yale macho ya manjano pale mwishoni na kile kicheko. Aliyeniponya ni binamu yangu Mombasa aliyekuwa na kanda ya jinsi ilivyotengenezwa. Nikamwona Michael ameketi kwenye kiti anabandikwa uso, anacheka, anatekenywa na brashi. Nikaona, aah, kumbe huyu anakaa kama mtu kwa kinyozi. Kwa hiyo naunga mkono Mwalimu.

Ila nilipokuja kuirudia yenyewe, kicheko bado kilinikimbiza. Usitegemee kila kitu kiishe.

Mzee_wa_Jeri

Na huyo binamu wa Kasarani je? Kwenye TV kuna kanuni, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku vituo haviruhusiwi kuonyesha mambo ya watu wazima. Simu haina saa nne usiku. Ongea na shemeji yako.

MamaTatu

Nimeongea naye. Amenuna. Atapoa.

Jumamosi nilifanya kama Mwalimu alivyosema. Tulianza na yule mzee Rogers. Mtoto alikaa mbali, mguu mmoja mlangoni kabisa, tayari kukimbia. Alipoona yule jamaa mkubwa amekaa anapakwa kijani polepole na anazungumza vizuri tu, akasogea. Akauliza kama rangi inaingia masikioni. Akataka kujua anaoga na sabuni gani.

Tulinunua rangi za uso. Alinipaka kijani mimi, na baba yake, aliyekuwa anajifanya anasoma habari kwenye simu, akapakwa nusu uso. Nusu tu, alikataa nyusi.

Halafu jioni nikaweka kipindi chenyewe, kile cha tairi. Mkono wangu ulikuwa baridi, sitadanganya. Mvua, spana, macho. Na kweli ni kijani! Miaka yote hii nimeogopa mtu ambaye hata rangi yake siijui. Nikampigia kakangu palepale. Akaniambia, bila hata kufikiri, "Lakini mimi nilikuwa nakumbuka kijani." Kaka, TV ilikuwa nyeusi na nyeupe! Ameshikilia kijani hadi nikakata simu.

Mtoto hakulia. Alipoona shati linapasuka, akanyamaza, akakunja uso kama fundi, akasema: "Mama, mbona suruali haipasuki?"

Sikuwa na jibu. Baba yake alicheka hadi rangi ikaingia kwenye chai.

Kinanda cha mwisho kilipoanza niliondoka nikaenda kuosha vyombo. Hicho bado. Usiku mtoto alienda chooni na taa, mlango wazi, nami nikiwa chumbani. Hakuniita. Mimi ndiye niliyeita, "Uko?"

Konda_58

Sasa hiyo suruali itanikosesha usingizi.

Fundi_Luthuli

Ya kunyumbulika, ndugu. Lakini mwambie mtoto ni ya mtumba wa Gikomba, hizo hazipasuki.