Habari za miamba: mnazifuatiliaje?

Mwanafunzi wa miamba: Wakuu, habari za jioni. Nasoma jiolojia, mwaka wa pili. Tarehe 3 Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kufukia nyumba za Katesh, simu yangu ilijaa ujumbe: "Volkano imelipuka!" Mama akanipigia akitaka jibu, nikababaika. Baadaye serikali ikaeleza kwamba si volkano: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua mpaka ikameguka. Bado inaniuma. Watu walikufa, nami sikuwa na la kumwambia mama. Nyie mnafanyaje?

Mzee wa nyundo: Mdogo wangu, jiulize kwanza: pale chini kuna nini? Kumbuka ufa mkubwa uliotokea ardhini Mai Mahiu, Kenya, Machi 2018. Vyombo vya habari vikaandika Afrika inapasuka! Wanajiolojia wengi wakaonyesha kuwa mvua kubwa ilisomba majivu laini ya volkano za kale. Bonde la Ufa linapanuka kweli, ila kwa milimita chache tu kwa mwaka. Mimi nina daftari: kushoto nabandika habari, kulia nachora mkato wa ardhi, yaani tabaka za chini kama zinavyoonekana ardhi ikikatwa, kwa penseli. Nikikosea sifuti, naandika tarehe ya kusahihisha.

Dada wa Goma: Volkano ya Nyiragongo, huku kwetu Kongo, ilipolipuka 22 Mei 2021, lava (mwamba ulioyeyuka) ilisimama upesi, lakini ardhi ilitetemeka siku kadhaa. Usiache kufuatilia habari eti kwa kuwa lava imepoa.

Mwanafunzi wa miamba: Asanteni sana. Daftari nimenunua leo. Hanang ndiyo ukurasa wa kwanza, na mchoro nitamtumia mama.