Hivi kwa nini TV za Marekani zinafuta tamthilia mpya kabla watu hawajaizoea?

Mjomba_Tandika

Wakuu habari za jioni. Naomba mwenye uelewa na mambo ya TV za Marekani anisaidie, nimekaa na hili swali wiki nzima. Mpwa wangu kaniletea flashi yenye tamthilia inaitwa Firefly, ya mwaka 2002, inahusu watu wanaozunguka na meli yao ya angani wakifanya vibarua na magendo kwenye sayari za mbali. Mi mambo ya anga sio mpenzi kabisa lakini hii imenishika, siku ya kwanza nimelala saa nane usiku na kesho yake nina kazi. Mwanzoni ilikuwa haieleweki, watu wote wanajuana ila mimi siwajui, kuna daktari na dada yake wamejificha humo ndani hakuna anayesema walifikaje, nikasema ngoja nivumilie. Nikavumilia, nikawapenda wote, halafu nafika episodi ya 11 ambayo ndo ya mwisho kwenye flashi, ndo naoneshwa walivyokutana!!! Nikampigia mpwa, nikamwambia lete sizoni ya pili, akaniambia mjomba hakuna, stesheni iliifuta baada ya miezi mitatu.

Sasa swali langu. Mtu anatumia mamilioni ya dola, anajenga meli nzima ndani ya studio, anaajiri waigizaji, halafu miezi mitatu tu anasema basi? Si bora amalizie hata hiyo sizoni moja watu wajue mwisho wake? Sisi huku za Kituruki tunazoangalia zinaanza na zinaisha, za Kihindi ndo usiseme, zinakwenda mpaka watoto wa waigizaji wanakuwa wakubwa. Mmarekani kwa nini hana subira?

MzeeWaKahawa

Hela mkuu. Watu hawaangalii, matangazo hayalipi, wanafunga. Ni kama genge lisilo na wateja.

Mama_Nuru_Ohio

Mzee wa Kahawa umesema kweli ila umekatisha. Genge lisipopata wateja hasara ni ya mwenye genge peke yake, TV za huku ziko tofauti kidogo. Nimefanya kazi miaka sita kwenye kituo kimoja cha mji mdogo huku Ohio, idara ya matangazo, kwa hiyo ngoja nieleze nilivyoiona kwa ndani, mnisamehe kwa urefu.

Kila mwezi wa tano stesheni kubwa zinakutana na makampuni pale New York, zinaonesha vipindi vya msimu ujao na kuuza sehemu kubwa ya nafasi za matangazo kabla kipindi hakijarushwa hata dakika moja. Na haziuzi kipindi, zinauza watazamaji. Kampuni ya sabuni inaambiwa Ijumaa saa mbili usiku tutakupa watu kadhaa wa miaka 18 hadi 49, na inalipa kwa hesabu hiyo (hao wa 18 hadi 49 ndo walikuwa wanaliliwa na kila mtu, bibi wa miaka 70 anayeangalia kila siku bila kukosa alikuwa hana thamani kwenye ile hesabu, jambo ambalo liliniuma sana). Septemba kipindi kinaanza, Nielsen (kampuni inayohesabu watazamaji) wanapima, watu hawajafika idadi. Hapo stesheni ina DENI. Inabidi itoe nafasi nyingine za matangazo bure mpaka idadi iliyoahidiwa itimie.

Chukulia umepokea oda ya maandazi 200 ya shughuli, hela umeshachukua, asubuhi unapeleka 80. Hizo 120 zilizobaki utazikaanga kesho kwa unga wako na mafuta yako, na kesho hiyo una wateja wengine wanasubiri. Kila wiki kipindi kikiendelea kufanya vibaya deni linaongezeka, na unalilipa kwa kuchukua nafasi za vipindi vinavyofanya vizuri. Ndo maana hawasubiri.

Halafu kuna jirani. Vipindi vinapangwa kama foleni, kila kimoja kinampa mwenzake watu. Mwaka 2010 Fox, moja ya hizo stesheni kubwa, walikuwa na tamthilia ya House Jumatatu, zaidi ya watu milioni 10, wakaweka baada yake tamthilia mpya inaitwa Lone Star ambayo waandishi wa magazeti waliisifia sana. Siku ya kwanza waliobaki ni kama milioni 4.1, wiki ya pili 3.2. Ikafutwa baada ya episodi mbili! Fikiria zaidi ya nusu ya watu wanaondoka wanaenda stesheni ya pili, na wakishahamia huko usiku mzima hawarudi.

Na hapa ndo sisi wa vituo vidogo tulikuwa tunaumia. Stesheni kubwa hazimiliki vituo vyote, vingi ni vya watu wengine vinavyopokea vipindi vyao, na kituo cha mji kinaishi kwa taarifa ya habari ya saa tano usiku. Kipindi cha saa nne kikipoteza watu, habari yako inaanza na sebule tupu. NBC, stesheni kubwa nyingine, walimweka mchekeshaji Jay Leno saa nne usiku siku tano za wiki, Septemba 2009, kwa kuwa alikuwa nafuu kuliko tamthilia. Vituo vya mikoani vililalamika mno habari zao zimeporomoka, Februari 2010 kipindi kikaondolewa hapo. Kwa hiyo simu za kulalamika hazitoki kwa wenye sabuni peke yao.

Mjomba_Tandika

Dada yangu Mama Nuru ahsante sana, hii ya maandazi nimeielewa kabisa. Lakini bado, si walishatengeneza? Meli ipo, nguo zipo. Kumalizia sizoni kunagharimu nini?

Mama_Nuru_Ohio

Kaka, walikuwa hawajamaliza. Zamani sizoni kamili ilikuwa kama episodi 22, lakini kipindi kipya kilikuwa kinaagizwa 13 kwanza, kikifanya vizuri zinaongezwa 9. Wakati unaangalia episodi ya tatu, wao wanapiga picha ya nane au ya tisa, za mbele ni karatasi tu. Wakisimamisha hapo wanaokoa hela ya zile ambazo hazijapigwa.

Halafu kuna jambo linalowashangaza wengi. Stesheni hailipi gharama yote ya kutengeneza. Inalipa ada ya kurusha, na mara nyingi studio, yaani kampuni inayotengeneza kipindi, inaongezea kutoka mfukoni, kila episodi ni hasara. Hasara hiyo inarudi miaka ya mbele wanapouza marudio kwa vituo vingine, yale ya kurushwa kila siku jioni, na wanunuzi wa marudio walikuwa wanataka mzigo wa kutosha, hesabu ya kawaida ilikuwa kama episodi 100. Sasa kipindi kikionesha mapema kwamba hakitafika sizoni ya nne wala ya tano, studio yenyewe haina hamu ya kuendelea kuzika hela.

Msomaji_wa_Pembeni

Nakubaliana na Mama Nuru kwenye hesabu, sikubaliani kwamba ni hesabu tu. Hiyo Firefly mi naijua vizuri na naona waliiua wenyewe. Ile episodi ndefu ya masaa mawili inayoeleza watu walivyokutana, ambayo mjomba umeiona mwisho, ndo ILIYOTENGENEZWA kuwa ya kwanza. Fox, ambao ndo waliokuwa wanairusha, hawakuipenda, wakataka nyingine ya haraka haraka ya wizi wa treni ianze, ile ya kwanza wakairusha mwisho kabisa, tarehe 20 Desemba, kipindi kimeshafutwa. Iliyopangwa kuwa ya sita waliirusha ya tatu. Wakaiweka Ijumaa usiku wakati vijana ambao ndo walengwa wako nje, Oktoba ikaruka wiki. Halafu unapima unakuta watu wachache unasema kipindi kibaya? Mtu kapewa kitabu kinaanzia sura ya pili, sura ya kwanza iko nyuma, akikiweka chini lawama ni ya nani?

Na subira inalipa, ushahidi upo. Cheers, kipindi cha vichekesho, ilianza Septemba 1982 pale NBC, mwaka wa kwanza ilikuwa karibu na mkia kabisa kwenye orodha ya watazamaji. Hawakuifuta. Ikaenda miaka 11 na usiku wa mwisho mwaka 1993 waliangalia makumi ya mamilioni. Seinfeld, nayo ya vichekesho, episodi ya majaribio ya 1989 watu waliooneshwa hawakuipenda, NBC wakaagiza nyingine NNE tu, nne! Ilipofika mwisho mwaka 1998 watu kama milioni 76 waliangalia. Wangetumia hesabu ya Lone Star hizo zote tusingezijua leo. Star Trek ile ya zamani nayo, tamthilia ya anga, NBC waliihamishia Ijumaa saa nne usiku, wakaifuta 1969 ikiwa na episodi 79, marudio yake ndo yakaja kupendwa dunia nzima.

Mama_Nuru_Ohio

Msomaji, kuhusu kupangua episodi za Firefly sina la kuwatetea, umesema sawasawa. Ila Cheers angalia NBC ilikuwa wapi mwaka ule. Ilikuwa ya tatu kati ya stesheni tatu, haina kipindi kingine bora cha kuweka pale, na Cheers ilishinda tuzo ya TV ya Emmy ya vichekesho bora mwaka 1983. Mtu ambaye hana kingine jikoni lazima asubiri dengu ziive. Aliye juu ndo mwepesi wa kufuta, kwa sababu ana akiba kabatini. Na wakati ule nyumba nyingi zilikuwa na stesheni chache za kuchagua, mtu akikosa la kuangalia anakutana na Cheers hata kwa bahati. 2002 tayari kuna kebo, stesheni mia.

Na mjomba hao Waturuki usiwaonee wivu, kwao zinafutwa sana, tena baada ya wiki chache. Ila zinazouzwa nje na kuwekewa sauti ya Kiswahili ni zile zilizofanya vizuri, zilizokufa hazikufikii.

Kevo_wa_Nakuru

Nimefuatilia hii mada tangu mwanzo. Swali kwa Mama Nuru, Netflix je? Hawa hawana saa nne usiku, hawana habari za saa tano, na kwa muda mrefu hawakuwa na matangazo kabisa, lakini tamthilia yao inayoitwa 1899 ilitoka Novemba 2022 na Januari 2023 wakasema haina sizoni ya pili, na imeachia mahali pabaya sana. Kulikuwa na watu wengi wanaiangalia, mpaka leo nasikia uchungu. Siku hizi kitu kipya sianzi mpaka nisikie kimeshapata sizoni ya pili.

Mama_Nuru_Ohio

Mdogo wangu huko hesabu imebadilika ila ipo. Wanalinganisha gharama na watu walioangalia, na wanatazama sana waliomaliza mpaka mwisho, hasa wiki za mwanzo. Kipindi cha bei kubwa kama hicho, watu wengi kuonja episodi mbili hakutoshi. Na hiyo ya kusubiri sizoni ya pili nakuelewa kabisa ila ndo inayoviua, kila mtu akisubiri basi hizo wiki za mwanzo hakuna mtu.

Msomaji_wa_Pembeni

Hapo sasa Mama Nuru umesema jambo zito. Wao wenyewe ndo wametufundisha hiyo tabia. Umemwanzishia mtu hadithi mara tano hujamalizia, mara ya sita hakuamini, halafu unamhesabu kama hapendi. Mimi nadhani hasara hii hawaiandiki popote kwa sababu haiko kwenye kipindi kimoja, imesambaa kwenye vyote vinavyokuja.

Mjomba_Tandika

Nimejifunza mengi sana leo, sikutegemea. Nimemwambia mpwa naye asome hii mada. Kwa hiyo ndo basi, episodi 11 na hadithi imekwisha?

Msomaji_wa_Pembeni

Mjomba subiri kwanza, hazikuwa 11! Zilipigwa 14. Tatu Fox hawakuzirusha kabisa mwaka ule, mpwa wako kakupa zile zilizopita hewani kwa mpangilio wa hewani. Zinaitwa Trash, The Message na Heart of Gold, zipo kwenye DVD ambayo iliuzwa vizuri sana, na mauzo hayo pamoja na kelele za mashabiki ndo yalisaidia studio ya filamu ya Universal kukubali kutoa filamu mwaka 2005, inaitwa Serenity, waigizaji wale wale, ina majibu ya yule dada wa daktari. Mwambie mpwa akutafutie mpangilio wa DVD, uanze upya na ile ndefu ya masaa mawili, hizo tatu utakutana nazo mbele, halafu filamu iwe ya mwisho kabisa, usiiguse kabla.

Mjomba_Tandika

Zipo tatu sijaziona?? Nampigia sasa hivi.