Tupeane uzoefu: simu ilipofika kwenu, ilikukuta wapi?

Mzee_wa_Shabab
Wadau, wiki hii nikingoja matatu hapa Nakuru niliona kibao juu ya duka moja kuukuu. Rangi imebanduka lakini namba ya simu bado inasomeka: 037, kisha tarakimu chache. Kijana aliyesimama kando yangu akaniuliza hiyo ni namba ya nchi gani. Nikamwambia ni Nakuru, kabla haijawa 051. Hakuamini.

Tangu hapo akili yangu iko Posta, miaka ya themanini. Mnakumbuka vibanda na foleni zake? Umeshika sarafu mpaka kiganja kinatoa jasho, aliye ndani anaongea na mchumba, na nyinyi nje mnamgongea kioo. Ukiomba laini ya nyumbani kwa Shirika la Posta na Simu, unaomba na kusahau. Shirika lilikuwa hilo moja nchi nzima tangu 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Linaloniuma mpaka leo ni kwamba pale Longonot, mwendo wa matatu tu kutoka hapa, kulikuwa na kituo cha setilaiti tangu 1970 kinachozungumza na Ulaya, na mtu wa Bahati hawezi kumpata ndugu yake wa Molo.

Haya, tupeane uzoefu. Habari ya dharura ilikufikiaje kabla ya simu ya mkono, na ilipoingia kwenu ilibadilisha nini? Lete yako, si ya kusikia.

Jakisumo_Asili
Kisumu 035! Mzee umenirudisha mbali.

NyarGem
Mzee wetu, umenigusa mahali. Kwetu Gem habari ya msiba ililetwa na redio. Saa ya matangazo ya vifo ikifika nyumba nzima inanyamaza, hata kuku wanafukuzwa mlangoni. Linasomwa jina la marehemu, la baba yake, halafu watoto na ndugu mmoja mmoja na wanakofanya kazi: yule wa Kericho kwenye chai, yule wa reli Nairobi, wote wafike nyumbani mara moja.

Ndivyo mama alivyojua kwamba kaka yake wa Mombasa hayupo tena. Alikuwa anachambua osuga. Jina likasomwa, akadhani ni mtu mwingine wa jina hilohilo, mpaka likasomwa jina lake yeye mwenyewe kati ya ndugu walioachwa. Hakusema kitu. Aliendelea kuchambua ile mboga mpaka ikaisha, akaosha mikono, ndipo akapiga nduru.

Leo mjomba akilazwa Mombasa asubuhi, mchana tumeshachanga na pesa zimefika. Wanaosema simu imewaharibu watoto nawasikia, lakini hawakumwona mama yangu siku ile.

Omwana_wa_Mbale
Kweli tupu, dada. Na telegramu je? Unalipia kila neno, kwa hivyo inaandikwa NJOO HARAKA bila sababu. Mtu anapanda basi usiku Nairobi hadi Kakamega hajui anaenda kuzika nani.

Fundi_Section58
Wengi wanafikiri simu zilishuka tu kutoka mbinguni. Hapana, palikuwa na kazi ya sheria kwanza. Sheria ya mawasiliano ilipita 1998, mwaka uliofuata lile shirika likagawanywa: Telkom Kenya, Posta, na tume ya kusimamia sekta. Mwaka 2000 Vodafone ikachukua asilimia 40 ya Safaricom, na Kencell nayo ikaingia sokoni mwaka huohuo. Ushindani ndio uliotukomboa.

Na malipo ya kabla, jamani! Unakwaruza kadi, unaongea, salio likiisha limeisha. Hakuna bili mwisho wa mwezi, hakuna kuulizwa karatasi ya mshahara. Mama mboga asiye na akaunti ya benki akapitia mlango uleule wa meneja. Safaricom wakaongeza kuhesabu kwa sekunde wakati wenzao wanahesabu kwa dakika, basi mchezo ukaisha.

Kencell_Damu
Fundi usitufunge kamba. Mchezo uliishaje na 2010 bei ikashushwa hadi bob 3 kwa dakika? Nani alianza? Zain! Na Zain ni Kencell ileile iliyokuwa Celtel tangu 2004, na leo ni Airtel. Sisi ndio tuliowapunguzia nyote gharama, hata nyinyi mliokuwa kule kwingine.

Fundi_Section58
Mimi nimesema 2000, wewe unajibu 2010. Soma kwanza.

Kencell_Damu
Nimesoma. Umeandika mchezo ukaisha. Haukuisha.

Jakisumo_Asili
Mkimaliza mtuambie nani kashinda. Huku upande wa ziwa tulichukua laini ya yule aliyetangulia kusimamisha mlingoti.

Omwana_wa_Mbale
Mlingoti! Kwetu Maragoli kabla haujafika ilikuwa kupanda mawe. Kulikuwa na jiwe moja kubwa juu ya kilima, jioni utakuta watu juu yake wamegeukia upande mmoja, kila mtu na mkono hewani. Na huwezi kuwa na siri, maana mwenzako yuko hapo ubavuni akingoja mtandao umrudie. Mimi nilijua mahari ya jirani kabla baba yake hajajua.

Halafu chaji. Stima hakuna, kwa hivyo simu zinapelekwa Luanda siku ya soko. Fundi amepanga simu kwenye benchi, kila moja imebandikwa plasta yenye jina la mwenyewe, na chini kuna betri ya gari. Zisizo na chaja yake, anang'oa betri na kuibana kwa vile vijiwaya viwili mpaka taa ndogo ibadilike rangi. Unalipa, unarudi jioni. Ukikuta plasta imebanduka, omba Mungu aliyetangulia awe mwaminifu.

Mama_Kaptembwo
Nimekuwa nikisoma tu, lakini mmefika kwenye chaji na siwezi kunyamaza.

Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi. Mimi niko Nakuru, mdogo wangu anayenifuata yuko Naivasha kwenye mashamba ya maua. Baba yetu ni wa huku, mama ni wa kule. Sitasema kabila, na mtu asiniulize. Matangazo ya moja kwa moja yalikuwa yamepigwa marufuku tangu mwisho wa Desemba, kwa hivyo habari ni simu. Na simu yenyewe ilikuwa inatisha. Meseji za chuki zinaingia kutoka kwa namba usizozijua, serikali nayo inatuma yake ya kuonya watu wasizisambaze.

Mtaa wetu ukawaka. Tulitoka na watoto na godoro moja hadi uwanja wa maonyesho. Jumapili, tarehe 27, Naivasha nayo ikashika. Mdogo wangu akanipigia, anaongea kwa kunong'ona. Wamejifungia chumba kimoja watu wengi, nje kuna kelele, salio limemwishia, na nisimpigie kwa hali yoyote kwa sababu simu ikilia watasikika. Ikakatika.

Sasa fikirieni. Simu ninayo mkononi na siwezi kumpigia. Ilikuwa mulika mwizi ya kijivu, imebaki kijiti kimoja cha chaji, na pale uwanjani siku za mwanzo hapakuwa na pa kuchajia. Nikawa naizima, naiwasha, naangalia, naizima. Ule mlio wake wa kuwaka niliuchukia, naona unanilia chaji yote. Maduka yamefungwa. Kadi za salio hazifiki kwa sababu barabara zimezibwa. Aliyekuwa na kadi ya 100 aliiuza bei aliyotaka, na niliona kwa macho yangu mtu akibadilisha salio kwa unga wa ugali.

Usiku nikaiwasha, meseji mbili zikaingia. Ya kwanza: umepokea shilingi 50 kutoka namba fulani. Namba sikuijua. Ya pili ya mdogo wangu: TUKO POLISI NIKO MZIMA USIJE. Herufi kubwa zote, ndivyo alivyokuwa akiandika.

Nilikuja kujua baadaye. Alimflashi rafiki aliyesoma naye, mtu wa Kisumu, wa kabila ambalo siku hizo tuliambiwa ni adui. Kisumu nako kulikuwa kunawaka, kadi hazipatikani vilevile. Yule kijana akagawanya salio alilokuwa nalo, nusu akamsambazia mdogo wangu, nusu mimi. Akabaki bila kitu, na mama yake alikuwa hospitalini. Mtu akiniambia sambaza ni huduma ndogo ya kampuni, huwa namwacha aseme.

Mdogo wangu alifariki 2016, ugonjwa. Simu ile bado ninayo. Ile meseji imo ndani, lakini simu haiwaki tena. Kama humu kuna fundi anayejua, anisaidie.

NyarGem
Pole sana mama. Nimelia kazini.

Jakisumo_Asili
Pole mama yangu. Na huyo kijana wetu wa Kisumu yuko wapi sasa?

Mama_Kaptembwo
Yuko, anafundisha. Watoto wangu wanamwita mjomba.

Rongai_Moja
Pole, lakini tusisahau nani alianza pale Nakuru. Ukweli usemwe.

Omwana_wa_Mbale
Wewe, mama amesema wazi hataki hayo. Hukusoma?

Rongai_Moja
Nina haki ya kusema. Sisi pia tulifukuzwa.

Mzee_wa_Shabab
Ndugu wa Rongai, kama ulifukuzwa, andika habari yako kama alivyoandika huyu mama, na tutaisoma kwa heshima ileile. Lakini kuuliza nani alianza, hapana, si hapa.

Fundi_Section58
Niongeze kitu. Mwezi huohuo ndipo Ushahidi ilipoanzishwa na Wakenya, watu wanatuma taarifa za vurugu kwa meseji au mtandaoni na zinawekwa kwenye ramani. Baadaye ikatumika kwenye tetemeko la Haiti la 2010. Dunia ilijifunza kutoka kwetu tukiwa kwenye shida.

Mama, simu ni aina gani? Nokia 1100?

Mama_Kaptembwo
Ndiyo, ile yenye tochi juu.

Jabusia
Mama, betri iweke kwenye friji usiku mmoja, asubuhi itashika chaji. Yangu ilifufuka hivyo.

Dunga_Pwani
Friji tena? Ianike juani. Sisi wavuvi simu ikilowa ni jua au mchele.

Jabusia
Simu yake haikulowa, jamaa.

Kencell_Damu
Aibonyeze kwa nguvu pale kwenye kitufe. Zile simu zilikuwa zinaanguka kutoka ghorofani na kuendelea kuita.

NyarGem
Mama usifuate haya, mngoje fundi.

Dunga_Pwani
Nirudi kwenye mada kidogo wakati tunangoja. Hapa ufuoni kabla ya M-Pesa kuja Machi 2007, mama wa samaki akipeleka mzigo Nairobi, pesa ilirudi kwenye bahasha kwa dereva wa basi, ikirudi. Wengine walipoteza mitaji hivyo. Sasa kabla mtumbwi haujatia nanga mwenye samaki ameshapiga simu sokoni Kibuye na kwingine, anajua bei. Wanunuzi waliokuwa wanatudanganya bei kila asubuhi ilibidi watafute kazi nyingine. Shida iliyobaki ni matapeli wa ile meseji ya nimekutumia pesa kimakosa. Ukiipata, usirudishe chochote. Angalia salio lako kwanza.

Jabusia
Mimi ningempigia na kumtukana.

Omwana_wa_Mbale
Usimpigie! Ukimpigia anajua namba yako inafanya kazi. Mfungie.

Jabusia
Busia tuna letu. Ukisogea karibu na mpaka simu inakukaribisha Uganda na salio linaliwa kwa bei ya ugenini. Chagueni mtandao wenyewe kwenye mipangilio, msiiachie simu ichague. Wengine huku wanabeba laini za pande zote mbili na wanaishi vizuri.

Jakisumo_Asili
Na mjue magharibi hatuko nyuma tena. 5G ilipoanza kujaribiwa Machi 2021, Kisumu na Kakamega zilikuwemo pamoja na Nairobi na Kisii.

Rongai_Moja
Na baluni za Loon je? Julai 2020 zilipaa na Telkom, kuleta intaneti kutoka angani mpaka huku Nakuru na Baringo. Januari 2021 mradi ukafungwa. Watoto wangu walikuwa wanasoma nyumbani wakati wa korona, nilitumaini sana.

Mzee_wa_Shabab
Hiyo ni habari nzuri, ndugu. Iandike yote.

Fundi_Section58
Nimerudi, nilikuwa na wateja. Mama, sikiliza mimi tu. Usiweke friji, usianike, usibonyeze kwa nguvu. Fungua mfuniko wa nyuma, angalia betri kama imevimba. Ikiwa imevimba, itoe na usiichaji kabisa. Inayotakiwa ni BL-5C, bado zinauzwa kwa sababu redio ndogo nyingi zinaitumia. Vile vyuma vya kushikia betri vikiwa na kutu ya kijani, usikwaruze kwa kisu.

Halafu laini iliyokuwamo wakati ule, unayo? Meseji inaweza kuwa imehifadhiwa kwenye simu au kwenye laini yenyewe. Hata laini iliyofungwa zamani, ukiichomeka kwenye simu nyingine, meseji zilizohifadhiwa ndani yake husomeka. Jaribu hiyo kwanza.

Mama_Kaptembwo
Laini iko ndani, sijawahi kuitoa. Betri imevimba kidogo upande mmoja.

Fundi_Section58
Basi itoe betri leo, usingoje. Laini iache hapohapo usije ukaipoteza. Niko Section 58 hapa Nakuru, nitakutumia ujumbe wa faragha nikuelekeze duka. Njoo na simu na laini, betri nitatoa yangu. Tukiipata meseji tunaipiga picha hapohapo na kukutumia wewe na watoto. Sitaki hata shilingi.

Kencell_Damu
Fundi, kwa hilo nakupa mkono. Ile ya 2010 tutaendelea kesho.